Sauti Ambayo Hawakuifuta

Nilikuwa nimedungwa sindano ya ganzi, nusu ya mdomo wangu imekufa, nilipomwona baba yangu kwenye televisheni akiwa kijana.

Ilikuwa kliniki ya meno katikati ya mji wa Kisumu. Daktari alikuwa ameniambia nikae nje kidogo, dawa ishike, kisha aniite aling'oe jino. Tulikuwa wachache kwenye benchi. Televisheni ilikuwa juu ukutani, imefunguliwa stesheni ya sinema za zamani, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Hata mimi niliinua macho bila nia yoyote. Kwenye kioo, msafara wa wazungu ulikuwa umefika ukingoni mwa mto. Nyuma yao walikuja wapagazi, na yule wa mbele, kifua wazi, manyoya ya mbuni kichwani, sanduku begani kana kwamba amebeba mto wa kulalia, alikuwa baba.

Sikujiuliza kama ni mtu anayefanana naye. Nilimjua kama unavyojua mlango wa kwenu. Sikio la kushoto lililovimba likakauka likiwa limejikunja kama uyoga. Mabega yaliyotangulia mwili. Mimi ni mama wa watu wazima, karibu nistaafu kazi ya ualimu, na hapo kioo kilinionyesha baba yangu akiwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Baba!" nilipiga kelele. Kwa mdomo ule wenye ganzi neno lilitoka "Fafa." Watu wakageuka kunitazama.

Kwamba aliwahi kuonekana kwenye picha za wazungu, nyumbani tulijua. Alikuwa bingwa wa ngumi wa uzani wa juu, miongoni mwa wa kwanza kutoka upande wetu wa ziwa, na baada ya kuacha ngumi, wazungu waliokuja kupiga picha za sinema walimtafuta kwa sababu ya mwili wake. Tulipokuwa wadogo tulimsumbua atuhadithie. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Nilibeba masanduku, kisha nikafa. Kila picha nilikufa. Mara simba, mara risasi." Hatukuwahi kuiona hata moja. Tulipofikia umri wa kwenda sinema wenyewe, kumbi za mjini zilikuwa zimefungwa, nyingine zimekuwa makanisa.

Kwenye televisheni, mpagazi mmoja alikuwa amezama mtoni na maiti yake imelazwa mchangani. Wenzake waliizunguka. Baba akatua sanduku, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifua cha yule maiti, akaanza kusema. Alisema kwa Kijaluo.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami, kitambaa cha kanisa kichwani, alipiga makofi. "Yawa! Kumbe huyu ni mtu wetu!" Akaanza kucheka. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni, maana alikuwa anasikia kile nilichokuwa nasikia.

"Omera, mos," baba alisema. Ndugu yangu, pole. "Wewe mwana wa mfinyanzi, mikono yako ilikuwa imeshuka. Niliiona imeshuka. Nilijua umechoka, na bado nikakupiga. Mama yako alinilisha kwa mkono wake, nikala, nikashiba, kisha nikamuulia mtoto. Nitaenda wapi mimi? Omera, mos."

Alilia. Yalikuwa machozi yenyewe, mate yakimtoka, uso umejikunja. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, nayo yalisema kwamba mto umekasirika na hakuna atakayeuvuka leo. Mzungu mwenye kofia akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akawaambia wenzake watafute njia nyingine.

"Unamjua?" mama wa kitambaa aliniuliza kwa sauti ndogo.

Niliinuka nikatafuta mlango. Msaidizi wa daktari alinifuata hadi kwenye ngazi akiita, "Mama, jino! Mama, dawa imeshika!" Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani, mate yakinidondoka kwenye blauzi bila kuyahisi.

*

Baba alikuwa anaishi Nyalenda, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na alikataa katakata kuhamia kwa kaka yangu Milimani. Mama alikuwa amefariki zamani. Nilimkuta nje kivulini mwa ukuta, anamenya njugu, redio iko mapajani. Ana zaidi ya miaka themanini, lakini viganja vyake bado vinaweza kufunika sahani.

"Mdomo una nini?" aliniuliza.

"Baba, mwana wa mfinyanzi ni nani?"

Njugu zilikuwa mkononi mwake. Hakuziangusha wala kushtuka kwa namna ya kuonekana. Aliacha tu kumenya, akazima redio.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Umeniambia wewe mwenyewe sasa hivi, kwenye televisheni ya daktari. Umepiga magoti mtoni, umelia, umesema mikono yake ilikuwa imeshuka."

Nimemwona baba akizika mke na watoto wawili. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa vile. Ulipauka kabisa.

"Walisema wataitoa sauti," alisema. "Yule mkubwa wao aliniambia: sema chochote kwa lugha yenu, ulie, usijali maneno, sauti tutaifuta tuweke ya mtu mwingine. Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Picha zote sauti ilikuwa ya mtu mwingine."

"Hii hawakuifuta."

"Watu walikuwepo? Hapo kwa daktari?"

"Walikuwepo."

"Walielewa?"

"Baba, hapa ni Kisumu."

Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilikaa chini karibu na miguu yake. Ganzi ilikuwa inaanza kuisha na jino likianza kunikumbusha lilikuwa wapi, lakini sikuondoka, na polepole aliniambia.

Walikuwa marafiki. Hilo ndilo lililonipiga kwanza, kabla ya mengine. Miaka yote nilidhani watu waliopigana na baba walikuwa watu wa mbali, majina kwenye gazeti. Huyu walibeba magunia pamoja bandarini, wakifanya mazoezi jioni katika ukumbi mmoja, wakivaa glavu zile zile kwa zamu. Kwao kulikuwa ng'ambo ya ghuba, karibu na Kendu Bay, na mama yake alikuwa mfinyanzi aliyejulikana sana kwa vyungu vyake. Wakati wa likizo baba alienda naye huko. Mama yule alimlisha samaki na kumwita mwanangu.

Kisha wakapangiwa kupigana wao kwa wao, na mshindi ndiye angechukua mkanda.

"Ungekataa," nilisema.

"Nani alikuwa anakataa? Tulicheka. Tulisema mkanda utabaki nyumbani, basi. Raundi za mwanzo tulipigana kama mazoezini. Watu wakaanza kutuzomea. Walisema tumepanga. Pale nikashikwa na hasira. Sijui hata nilikuwa namkasirikia nani. Yeye alikuwa amechoka, nyathina, mwanangu. Mikono ilishuka hivi." Akaonyesha, mikono yake mizito ikianguka pembeni mwa kiti. "Akanitazama. Alikuwa anataka kuniambia kitu. Refa alikuwa mbali. Nikampiga."

Rafiki yake aliinuka mwenyewe, akaketi kwenye kona yake, akazungumza na watu. Walishuka ulingoni wamekumbatiana. Akapanda meli kurudi kwao kupumzika, na huko kwao, kabla wiki haijaisha, akasema kichwa kinamuuma, akalala, hakuamka.

"Ulienda kuzika?"

Baba alinitazama kama mtu niliyemuuliza kama alienda mwezini. "Ningeenda na uso gani?"

*

Kaka yangu alikasirika, na hasira zake zilianza kwangu. Alisema nilikuwa na haja gani ya kumchokonoa mzee. Alisema ngumi ni ngumi, mtu akipanda ulingoni anajua, na kama kuna wa kulaumiwa ni refa. Tulikuwa sebuleni kwake Milimani, ile sebule yenye makochi ya ngozi ambayo huwa naogopa kuyakalia, na ukutani ilining'inia picha kubwa ya baba ambayo tulikuwa tumeiona maisha yetu yote. Baba mkono juu, refa kamshika kifundo, mdomo wazi. Kaka huwaonyesha wageni wake picha ile kabla hata hawajapewa chai.

Nilisogea nikaitazama. Nyuma ya kiwiko cha baba, ndani ya kona, alionekana kijana ameketi kwenye kigoda, taulo begani. Nilikuwa nimemwona tangu utotoni bila kumwona. Siku zote nilidhani ni mtu fulani aliyeshindwa, amechoka tu. Sasa nilimtazama. Alikuwa anatabasamu. Anamtazama baba mgongoni na kutabasamu.

"Njoo uone," nilimwambia kaka.

Akaja. Alisimama hapo muda mrefu, mtu mzima mwenye kitambi na miwani ya kusomea. Aliitoa picha ukutani akaiegemeza chini, uso wake ukielekea ukutani, akaenda jikoni kunywa maji, nami nilisikia glasi ikigonga meno yake.

Ni baba mwenyewe aliyesema anataka kwenda. Alitupigia simu Jumapili baada ya kanisa. "Kama imesikika, imesikika," alisema. "Siwezi tena kukaa kama mtu ambaye hajasema."

*

Tulienda kwa gari la kaka, kupitia Ahero na Katito, baba amekaa mbele akiwa na suti yake ya misa na kofia magotini. Kendu Bay tuliulizia nyumbani kwa mama mfinyanzi wa zamani, na bibi mmoja aliyekuwa akianika samaki wadogo wa omena kwenye nyavu alituelekeza bila hata kufikiri. Mfinyanzi alikuwa amekufa, alisema, lakini binti yake yupo, alirudi nyumbani alipofiwa na mume.

Boma lilikuwa juu kidogo ya barabara, na ua wa mnyonyo. Baba alishuka, akatembea hadi kwenye mwanya wa ua, akasimama. Kaka alitaka kumshika mkono aingie, akakataa. Kwetu, watu wenye damu iliyomwagika kati yao hawaingii nyumbani kwa wenzao hivi hivi wala hawali chakula pamoja, na mzee alilijua hilo kuliko sisi.

Mwanamke mzee alitoka nyumbani, anatembelea fimbo, macho yakiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alisimama akasikiliza.

"Ni nani?"

Baba alivua kofia. "Mama, hodi," alisema kwa Kijaluo. "Nimetoka Kisumu. Siwezi kuingia mpaka nikuambie mimi ni nani."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa upande mmoja. Kisha akasema, polepole kabisa, "Usiniambie. Sauti hiyo naijua."

Nilidhani amechanganya watu. Kaka alinitazama, nami nikamtazama.

"Tulikutana zamani," baba alisema. "Ulikuwa mtoto."

"Sikumbuki za utotoni. Nilikusikia kwenye sinema."

Baba aliyumba. Kaka alimdaka kwapani, lakini uzito ule haukamatiki, wakashuka pamoja mpaka baba akaketi pale pale chini kwenye vumbi, suti na yote. Mwanamke yule alikuja hadi kwenye mwanya wa ua, akasimama juu yake, na hakuonyesha dalili ya kumhurumia.

Alituhadithia akiwa amesimama. Kijana wa jirani alikuwa amekwenda Kisumu akaingia sinema, akarudi anatetemeka, akasema kuna mtu kwenye picha anamlilia ndugu yenu. Mama yao hakuwa amewahi kuingia jumba la sinema. Alivaa nguo yake ya kanisa, akapanda meli, binti akamsindikiza. Waliketi gizani kati ya vijana waliokuwa wakila njugu na kupiga miluzi. Mfinyanzi hakuelewa kitu katika picha ile, wazungu, bunduki, tembo. Aliuliza tu, mara kwa mara, ni sasa? Ni sasa? Halafu baba akapiga magoti.

"Mama alisimama," mwanamke alisema. "Alikujibu. Kwa sauti, ukumbi mzima. Alisema, 'Nimekusikia. Njoo nyumbani.' Watu wakamcheka. Wakamwambia keti, mama, huyo ni kivuli, hakusikii. Yeye akasema tena, 'Njoo nyumbani, nimekusikia.' Nikamvuta nguo aketi."

Kuku walikuwa wakichakura nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

"Sikujua," baba alisema. "Waliniambia sauti itafutwa. Sikujua kuna mtu atasikia."

"Basi ulikuwa unamwambia nani?"

Baba alifikiri. Nilimwona akitafuta jibu kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Yeye," alisema.

Mwanamke alipumua kwa nguvu. "Mama alikungoja. Miaka. Mbwa akibweka anasema mtazame kama ni yule mtu. Aliwakataza kaka zangu kukugusa. Mimi sikukungoja. Nataka ulijue hilo. Mimi nilikuwa nakuchukia, na nilikuchukia zaidi kwa sababu ya mama kukaa akitazama barabara. Kusema kwenye sinema uliweza. Kupanda meli ulishindwa?"

"Nilishindwa," baba alisema.

"Ulikuwa mtu mkubwa vile!"

"Nilishindwa, mama."

Halafu akamtazama kaka yangu, au alielekeza uso mahali alipodhani kaka yuko. "Mwinueni. Atashikwa na baridi ya tumbo akikaa chini. Lakini leo hamli kwangu, na hamnywi hata maji. Nitaita wazee. Mtaitwa."

Tulirudi na njaa. Kendu Bay kaka alinunua mahindi ya kuchemsha, tukala ndani ya gari madirisha yakiwa wazi. Baba alishika hindi lake bila kulila hadi Katito. Hapo ndipo aliposema jambo moja tu.

"Kumbe yule mama aliniona na yale manyoya."

"Alikuona."

"Nikicheza ile ngoma ya kijinga?"

"Aliiona picha yote, baba."

Kaka alianza kucheka, kisha akaegesha gari kando ya barabara kwa sababu hakuwa analia wala kucheka, ni mabega tu yaliyokuwa yakimtikisika.

*

Walituita. Wazee wa ukoo wao walichemsha dawa ya mitishamba, manyasi, inayowapa watu ruhusa ya kula pamoja tena, na kwa kuwa binti wa mfinyanzi ni mtu wa kanisa, mchungaji naye alikuwepo, akaomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baba alipelekwa kaburini. Alitaka kwenda peke yake na tulimwacha. Kutoka mbali nilimwona akiwa amesimama na kofia mkononi, na kama alisema kitu hakuna aliyekisikia.

Niliwahi kumuuliza kama anataka nimtafutie ile sinema kwenye simu aitazame. Alikataa. Mimi nilikuwa nimeitazama tena, nyumbani kwangu Manyatta, mlango umefungwa. Dakika chache baada ya kulia anapigwa mkuki na kuanguka kifudifudi, na wazungu wanaendelea na safari yao. Nilijua ni uongo, nilijua mzee yuko Nyalenda na redio yake, hata hivyo nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku ile ya manyasi tulikula ugali na samaki, ngege wa mchuzi, sote tukiwa nyumba moja. Binti wa mfinyanzi aliketi mkabala na baba. Hakumchekea. Alimuuliza kama bado ana meno ya kutafuna, akamwambia achukue kipande cha kichwa, akamgombeza kwa kumwaga mchuzi kwenye tai. Baba alikula kila kitu alichowekewa. Halafu, katikati ya maongezi ya mvua na bei ya mbolea, alilala pale kwenye kiti, kichwa nyuma, kinywa wazi, akikoroma kwa sauti.

Niliona aibu, nikainuka nimwamshe. Yule mwanamke aliinyoosha fimbo yake ikanizuia magotini.

"Mwache," alisema. "Fukuza hao kuku, wasimsumbue."